Wastani wa Mtu Mmoja

Kwa miaka mingi sehemu ya kazi yangu ilikuwa kusoma vitabu vya wengine na kusema vina kasoro gani. Mkuu wa chuo cha ualimu hupelekewa kila kitu: muhtasari mpya, kiongozi cha mwalimu, kitabu cha kiada ambacho mwandishi wake anataka kisifiwe kabla hakijasomwa. Nilijizoeza kuanza mwishoni, penye majibu, kwa sababu mwandishi wa kitabu cha hisabati anaweza kujificha katika maelezo, lakini katika majibu hujianika. Leo nikiwa mstaafu nataka kuhakiki kitu ambacho si kitabu, ingawa nacho kina waandishi, kina matoleo, na kina majibu. Ni fanksheni zilizojengewa ndani ya lugha ya kompyuta iitwayo MATLAB, na ndugu yake wa bure aitwaye Octave. Msomaji asiyejua kompyuta asiniache njiani. Sitasema jambo lisilomhusu mtu aliyewahi kupewa alama darasani.

Fanksheni iliyojengewa ndani ni kazi ambayo lugha inajua kuifanya kabla hujaifundisha chochote. Unaandika sqrt(2), nayo inakupa kipeuo cha pili cha 2. Unaandika sin, log, max, inafanya. Sisi wa zamani tulikuwa na kitu cha namna hiyo katika karatasi, tukikiita jedwali la tarakimu nne. Hakuna aliyetudai tuthibitishe jinsi sini ya nyuzi 37 ilivyopatikana. Tulifungua ukurasa, tukashuka na kidole, tukasoma. Kwa hiyo siwezi kuungana na wenzangu wanaolalamika kwamba mashine inawafanyia vijana kazi. Jedwali nalo lilitufanyia kazi. Lilikuwa na sifa moja tu ambayo naikumbuka sana siku hizi: mipaka yake ilionekana. Tarakimu zilikuwa nne, na kila mtoto alijua kwamba ya tano haipo.

Asili ya orodha ninayoizungumzia ni ya kupendeza kwa mwalimu, kwa maana ilianzia darasani. Mwishoni mwa miaka ya 1970, Cleve Moler alikuwa akifundisha katika Chuo Kikuu cha New Mexico, Marekani. Yeye na wenzake walikuwa wameshiriki kutengeneza mikusanyo miwili mashuhuri ya programu za hesabu za matriki, EISPACK na LINPACK, iliyoandikwa kwa Fortran. Alitaka wanafunzi wake waitumie bila kulazimika kuandika programu nzima ya Fortran kila wanapotaka jibu moja. Akawatengenezea kikokotoo cha matriki. Matriki, kwa asiyejua, ni jedwali la namba lenye mistari na safu, kama karatasi ya alama. Toleo hilo la kwanza lilikuwa na maneno 71 tu, ukijumlisha maneno ya amri na fanksheni zote. Mtumiaji wa kawaida hakuwa na njia ya kuongeza fanksheni yake mwenyewe; ulichopewa ndicho ulichokuwa nacho. Mwaka 1984 ikaanzishwa kampuni ya MathWorks ili kuiuza lugha hiyo, na tangu hapo maneno yameongezeka hadi kuwa maelfu.

Octave ilikuja baadaye. Toleo lake la 1.0 lilitoka mwaka 1994, mtengenezaji wake mkuu akiwa John W. Eaton, naye aliipa jina la aliyekuwa mwalimu wake wa uhandisi wa kemia, Octave Levenspiel. Nilipoyajua haya nilicheka peke yangu. Nimefundisha watu wengi, na najua majina waliyonipa, lakini hakuna hata moja linalofaa kuwekwa juu ya lugha ya kompyuta.

Niisome orodha kama nisomavyo kitabu. Jambo la kwanza ni majina. Yapo mafupi na ya wazi, kama sum kwa jumla, rank, round. Yapo ya mzaha. Matriki ambayo wanahisabati huiandika kwa herufi I, ile isiyobadilisha kitu unapoizidisha nacho, huku inaitwa eye, yaani jicho, kwa kuwa kwa Kiingereza jicho na herufi hiyo hutamkwa sawa, na herufi yenyewe ilikuwa na kazi nyingine. Mwingereza hutabasamu, akakumbuka milele. Mwanafunzi wangu aliyekulia kwa Kiswahili alilikariri jicho kama lilivyo, bila kujua lilikujaje, na kukariri namna hiyo ndiyo mwanzo wa kuiogopa hisabati. Kuna pia neno why, ambalo limo tangu orodha ile ya kwanza. Ukiiuliza mashine kwa nini, inakujibu upuuzi wowote. Huo ni mzaha ninaousamehe, maana nimewahi kuwajibu wanafunzi hivyo hivyo siku za joto.

Jambo la pili ni uaminifu, na hapa orodha ina sehemu nzuri kweli. Andika sin(pi). Kila aliyesoma kidato cha tatu anatazamia sifuri. Mashine inajibu 1.2246e-16, yaani namba yenye sifuri kumi na tano baada ya nukta kabla tarakimu yoyote haijatokea. Mwalimu mwenye haraka atasema imekosea. Haikukosea. Pi iliyomo ndani ya mashine imekatwa, kwa sababu mashine haina nafasi ya tarakimu zisizokwisha, na fanksheni ya sini imejibu sawasawa kuhusu namba iliyopewa. Kile kipande kidogo ndicho hasa kilichopungua kwenye pi. Imekuonyesha ukingo wa karatasi yake, kama jedwali letu lilivyotuonyesha.

Namna hiyo hiyo napenda jinsi lugha ilivyoshughulikia baki. Ukigawanya 7 kwa 3 baki ni 1, hakuna ubishi. Lakini baki ya hasi 7 kwa 3 ni ngapi? Wengine watasema 2, wengine hasi 1, na kila mmoja ana sababu yake. Lugha hii haikuchagua kwa niaba yako. Imeweka mbili: mod inakupa 2, rem inakupa hasi 1. Nilikuwa nikiwafundisha wanachuo tofauti yake kwa saa zetu. Chukua saa ya kimataifa, ondoa 6, tafuta baki ya 12. Saa 3 ya usiku wa kwao, yaani 03:00, inakuwa hasi 3. Ukitumia mod unapata 9, ndiyo saa tisa usiku. Ukitumia rem unapata saa hasi tatu, wakati ambao hakuna jogoo aliyewahi kuuwikia. Kisha mwanachuo mwerevu huinua mkono na kusema kwamba saa 06:00 inatoa sifuri, nasi hatuna saa sifuri, tuna saa kumi na mbili. Hapo ndipo somo huwa somo: ondoa 7, tafuta mod, kisha ongeza 1.

Sehemu nyingine ni mchanganyiko. Lugha ina fanksheni iitwayo magic, inayotengeneza mraba wa ajabu, ambamo kila mstari, kila safu na kila mshazari hutoa jumla moja. magic(4) hupanga namba 1 hadi 16 ili jumla iwe 34 kila upande. Kama matriki, mraba huo hauna kinyume, na ditaminanti yake ya kweli ni sifuri kavu. Ukiomba kinyume chake kwa inv, mashine inatoa onyo kwamba matriki hii haiaminiki, usitegemee jibu. Vizuri. Ukiomba ditaminanti kwa det, inakupa hasi 1.4495e-12 na kunyamaza. Mwanafunzi aliyefundishwa kwamba “si sifuri” maana yake “ina kinyume” atapita hapo kifua mbele na kuanguka mbele kidogo. Fanksheni mbili za ukoo mmoja, moja inakohoa inapokaribia shimo, nyingine haikohoi.

Hata hivyo hilo ni dogo, na wahandisi wanalijua. Ninalotaka kulisema hasa lilinipata ofisini.

Ilikuwa mwaka 2006. Chuo chetu kilikuwa na kompyuta mbili na mkufunzi kijana wa hisabati aliyezipenda kuliko chakula. Fedha ya kununulia MATLAB hatukuwa nayo wala hatukuiwazia, lakini alikuwa na Octave kwenye sidii, na kwa Octave akaandika programu ya kushughulikia alama za mtihani wa ndani. Kabla ya hapo tulikuwa tukikaa wakufunzi sita siku tatu na vikokotoo, tukigombana. Programu yake ilimaliza kabla chai haijapoa. Nilimsifu mbele ya wakufunzi wote, na sijutii kumsifu.

Kanuni ya mtihani ule ilikuwa yangu. Kwa kuwa kila kundi la masomo lilikuwa na karatasi zake tano, nilisema kila mwanachuo alinganishwe na wastani wa kundi lake katika kila karatasi. Aliye chini ya wastani kwa zaidi ya alama 20 asiende kwenye mafunzo kwa vitendo mpaka arudie karatasi hiyo. Nilidhani ni haki. Orodha ikatoka, nikaisaini, ikabandikwa.

Jioni yake alikuja binti mmoja. Alikuwa amerudi chuoni baada ya kumuuguza mama yake mwaka mzima, na wenzake wa kundi lake walikwisha kuhitimu, hivyo katika mchepuo wake alibaki yeye tu. Alisimama mlangoni.

“Shikamoo Mkuu.”

“Marahaba mwanangu. Karibu.”

“Mkuu, nimeona jina langu. Naambiwa niko chini ya wastani wa kundi.”

“Kama orodha inasema hivyo, utarudia tu, si aibu.”

“Sawa Mkuu. Ila kundi ni mimi peke yangu. Nimekuwaje chini ya wastani wangu mwenyewe?”

Nilimwita mkufunzi. Tukatazama alama zake: 88, 84, 80, 76 na 52. Hakuna hata moja ya kufeli. Wastani wa kundi katika karatasi ya tano ulipaswa kuwa 52, kwa kuwa hakuna mwingine, na tofauti yake sifuri. Mkufunzi akaandika mstari ule wa alama tano, akaiomba mean. Mashine ikajibu 76. Alinyamaza kitambo, kisha akasema kwa sauti ya chini, “Mkuu, imekwenda kwa mlalo.”

Maelezo ni haya. Ukiipa mean karatasi ya alama yenye wanafunzi thelathini na masomo matano, inashuka kila safu na kukupa wastani tano, mmoja kwa kila somo. Ukiipa karatasi yenye wanafunzi wawili, inafanya vile vile. Ukiipa karatasi yenye mwanafunzi mmoja, inabadili nia. Inaona mstari mmoja, inadhani umeipa orodha ya kawaida ya namba, inazijumlisha kwa upana na kukupa wastani mmoja wa masomo yote. Haitoi onyo. Programu ikachukua 76 hiyo, ikaiweka kuwa wastani wa kila karatasi, ikatoa 52, ikapata upungufu wa 24. Binti yule alihukumiwa kwa kushindanishwa na nafsi yake. Tena tazama uovu wake: kama angekuwa dhaifu katika yote, akapata 52 mara tano, jina lake lisingetokea kabisa. Alizuiwa kwa sababu ya zile 88 na 84.

Mkufunzi aliitetea lugha yake, na alikuwa na haki ya kuitetea. Alisema jambo hili limeandikwa katika mwongozo. Kweli limeandikwa. Mean imejengwa juu ya jumla, nayo sum, ambayo imo ndani ya lugha yenyewe, kanuni yake ni kuanza na upande wa kwanza ambao urefu wake si mmoja. Ni kanuni iliyonyooka, na mtu akiijua haimdhuru. Ila mimi nimeandika kanuni nyingi za shule, na najua tofauti kati ya kanuni iliyoandikwa na kanuni inayomzuia mtu asitumbukie. Programu ile ilikwisha kufanya kazi sahihi kwa makundi kumi na moja. Nani angerudi kwenye mwongozo kwa ajili ya kundi la kumi na mbili?

Nilipokuja kusoma historia ya lugha hii ndipo nilipokasirika kweli, kwa sababu niligundua kwamba mwanzoni haikuwa hivyo. Katika maelezo ya lile toleo la kwanza la Moler, sum ya matriki ilikuwa jumla ya namba zote zilizomo, basi. Ukiipa mstari, ukiipa safu, ukiipa jedwali zima, ilifanya jambo moja. Baadaye ikabadilishwa iende kwa safu, jambo linalofaa sana kwa watu wenye majedwali ya vipimo, na kwa kuwa watu hao hao walitaka pia kuandika sum ya namba tatu mlalo na kupata jumla yake, ikaachwa ikisie. Ndiyo sababu ya kosa langu kuwa si langu peke yangu. Na si sum tu. Kubwa kuliko zote, ndogo kuliko zote, kupanga, mtawanyiko: max, min, sort, std, zote zinafuata mkumbo huo. Wenye lugha ya Julia, iliyotangazwa mwaka 2012, walirudi kwenye njia ya kale: jumla ni ya vyote, na ukitaka kwa safu sharti useme.

Hapa ndipo penye ukosoaji wangu wote. Sini inaniambia ukweli kuhusu namba niliyoipa. Mod na rem zinaniachia niseme ninachotaka. Inv inanionya. Sum na jamaa zake zinasoma sura ya nilicholeta na kuamua nilikuwa na maana gani, kisha hazisemi kwamba zimeamua. Karani wa namna hiyo ningemhamisha. Si kwa uvivu wala kwa kutojua kazi. Karani mwepesi anayekisia anachotaka mkuu, na kupatia mara tisini na tisa, ndiye anayemsababisha mkuu asaini bila kusoma.

Nami nilisaini bila kusoma. Sitaki mashine inibebee hilo. Ningepitisha jicho mara moja tu kwenye orodha ya makundi, ningeona kundi la mtu mmoja, na akili ya kawaida ingeniuliza kabla ya binti yule kuniuliza. Tena kanuni yenyewe ya wastani ilikuwa mbovu, maana hata katika kundi la watu wawili ingefanya dhuluma, bila kosa lolote la kompyuta. Tuliifuta muhula uliofuata.

Lipo swali ambalo huulizwa na walimu wenzangu: je, dawa si kuwaandikisha vijana kila kitu kwa mkono wao, wasitumie vya kupewa? Nilijaribu. Niliwaagiza wanachuo waandike jumla yao wenyewe, kwa kuzunguka mstari kwa mstari. Nusu yao walisahau kuanza na sifuri. Fanksheni iliyojengewa ndani imejaribiwa na watu wengi kuliko darasa langu, na kuiacha kwa kiburi ni ujinga mwingine. Nilichoweza kuwafundisha ni kidogo zaidi ya hapo. Kila fanksheni unayoikuta tayari, ipe kwanza kitu kimoja, kisha usiipe kitu, ndipo uipe vingi. Lugha hizi pia zina amri ya type, inayokuonyesha jinsi fanksheni ilivyoandikwa. Ukiandika type magic unaona mistari yote, unaweza kuisoma kama somo. Ukiandika type sum unaambiwa tu kwamba hiyo ni ya ndani. Ilijengwa hivyo kwa ajili ya kasi, na Octave angalau asili yake iko wazi kwa anayejua kusoma C++, lakini mwanachuo wangu hajui, mimi pia sijui. Zile zisizofunguka ndizo tulizozijaribu zaidi.

Binti alifutwa kwenye orodha ile usiku ule ule, ila lori la kupeleka wanachuo kwenye shule za mazoezi lilikuwa limekwisha kupangwa, na nafasi za karibu zimejaa. Aliondoka wiki moja baadaye kwa basi, na godoro lake juu, kwenda shule ya mbali kuliko zote tulizokuwa nazo. Hakulalamika. Ripoti ya mafunzo yake ilikuwa nzuri, na ile karatasi yenye 52 hakuirudia.

Mkufunzi alirekebisha programu kwa herufi mbili. Badala ya mean(A) aliandika mean(A,1), ambapo ile 1 inaiamuru ishuke safu kwa safu, iwe nini iwe. Pembeni, mahali pa maelezo ambapo mashine haisomi, aliandika: hata akiwa mmoja. Kisha tulikaa wawili siku mbili tukipitia programu zake zote kutafuta mahali pengine palipoachwa bila ile 1. Tulipata pawili, kimoja katika hesabu za chakula.